Nasimbu, Kilo Sitini na Tatu

Mwaka wa kwanza lilikuwa goti.
Nililifunga kitambaa, nikachechemea vizuri
kutoka duka la mikate hadi ukumbi wa Bondeni.
Kocha Ombaso akalitazama, hakusema neno,
akanipa mabegi ya wenzangu niyalinde.

Mwaka wa pili, zamu.
Tanuri halijui Jumamosi, nilisema,
na ni kweli halijui,
ila sikusema kwamba Kiprugut alijitolea kunishikia,
akasimama mlangoni na aproni yangu mkononi,
nami nikamwambia asijisumbue.

Mwaka wa tatu, uzani.
Wa nne, mtoto alikuwa na tetekuwanga.
Hiyo haikuwa ya kubuni.
Nilimpaka dawa ya pinki usiku kucha
na moyoni, Mungu anisamehe,
nilikuwa mtu aliyepewa likizo.

Si kwamba judo siijui.
Mikono hii hukanda magunia mawili kabla ya alfajiri.
Nikikamata ukosi wa mtu, ataniomba au atauvua.
Jumanne na Alhamisi nimewaangusha
polisi wawili, mwalimu wa hesabu,
na muuza maji wa Kaptembwa mwenye shingo ya fahali.
Lakini mazoezini hakuna anayehesabu.
Ukianguka unacheka, unafunga mkanda upya,
vumbi la Nakuru linaingia dirishani
na kufunika alama ya mgongo wako.

Kwenye mashindano, mgongo una mashahidi.

Aliyenimaliza ni Jerop, wa miaka kumi na mmoja,
kidole kimefungwa plasta, anabeba mikeka stoo.
"Mama Tindi, wewe huogopa kushindwa,
ama huogopa sisi tukuone?"
Hakungoja jibu. Alikuwa na mkeka mwingine wa kubeba.

Usiku ule nilikanda unga hadi ukachoka.
Mikate ilitoka migumu kama kifuniko cha debe.
Mwenye duka akanikata mia mbili.

Basi mwaka huu goti liliuma, nikaja nalo.
Zamu nilimpa Kiprugut, na mia tatu juu.
Mtoto alikohoa. Nikaweka sikio kifuani pake
mara tatu, nikiitafuta homa
kama mahabusu anayetafuta ufunguo.
Kifua kilikuwa safi.
Mizani ikasema sitini na mbili na nusu.

Ukutani, kwenye orodha, kalamu nyekundu:
*Nasimbu, Bondeni.*
Nasimbu! Mimi ni Nasambu,
jina la nyanya yangu aliyezikwa Chwele.
Nikahisi mlango ukifunguka ndani yangu,
upepo mtamu wa kwenda nyumbani:
huyo si mimi, hawajaniita,
naweza kuondoka na hakuna atakayenidai.
Viatu vyangu vilikuwa pale, karibu.

"Nasimbu!"
"Nasimbu, mara ya pili!"

Jerop alikuwa ameshika begi.
Begi langu mimi.

"Nipo," nikasema.

Mpinzani alitoka Kisumu, hakuwa na haraka.
Sekunde arobaini na moja, kwa jumla.
Tuligombania ukosi, nikaupata,
nikasikia unga wote wa miaka minne vidoleni,
nikageuza kiuno, naye akaelea kidogo,
kidogo sana, kisigino kimoja hewani.
Kisha sijui.
Bati la ukumbi lilikuja mbele ya macho,
njiwa wawili juu ya boriti,
tundu la msumari lenye jua ndani yake.
Mgongo wangu ukapiga mkeka
na ukumbi wote ukasikia.

Kumbe ndiyo sauti yenyewe. Hiyo tu.
Miaka minne naikimbia,
na ni gunia la unga likishushwa sakafuni.

Tukainamiana. Akanishika bega, akaniuliza
nimejifunza wapi kukamata namna ile.
Nikamwambia: kwa mikate.
Alidhani ninatania.

Mezani nilimwomba karani kalamu.
Nikaikata ile *i*, nikaweka *a* juu yake,
taratibu, kucha zangu bado na weupe wa unga.
Mbele ya jina, mahali pa matokeo,
palikuwa pameandikwa: *ameshindwa.*
Hapo sikugusa.